Nukta Begani

Tochikubo, 8 Aprili 1978

Kwa mpwa wangu Nobue, huko Kanazawa,

Anayekuandikia ni mtu ambaye juzi mkutano mzima wa kijiji ulimsubiri saa nzima kwenye baridi, wakubwa wa nyumba zote thelathini na moja, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo mpaka nilipofika. Mama yako anasema ni kwa sababu ufunguo wa ukumbi ulikuwa mfukoni mwangu. Mama yako ni dada yangu mkubwa na namheshimu, lakini tangu utoto wetu hajaweza kuona mambo kwa upana wake.

Sisi hatujambo. Theluji bado imelala kwenye kivuli cha ghala, ila upande wa jua mboga za mlimani zimechomoza na tumeshazikaanga mara mbili. Bibi yako magoti yanamsumbua, masikio hayamsumbui, maana anasikia kila anachotaka kusikia. Mimi wiki iliyopita nilishusha magunia mawili ya mkaa kwa mpigo mmoja. Njiani nilikutana na dubu, akanitazama, akatazama mzigo, akanipisha. Mama yako amekufungia figili za kuchachusha. Anauliza pia kama umeiona ile picha ya karani wa posta anayetafuta mke.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa Shimosawa wamepasua ngozi ya ngoma. Nawe unajua ni ngoma ipi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja theluji kubwa ya 1963 ilipoangusha nyumba ya ngoma pale hekaluni kwetu, tukamteremsha Yamabiko, yaani Mwangwi wa Mlima, kwa majirani zetu hao wa bondeni, wamhifadhi kipupwe kimoja tu. Hatukuandikishana. Ungemwambiaje jirani, chai yake iko mkononi mwako, kwamba unataka karatasi? Theluji ilipoyeyuka tukaona haya kumdai upesi upesi. Mwaka uliofuata tukaona haya kwa kuwa tumechelewa. Sasa imetimia miaka kumi na mitano. Wamembatiza Hosaku, yaani Mavuno Mema, jina linalofaa duka la mbolea, na mkuu wao Gonroku anasema alichongwa kwao. Sisi kila sherehe ya mavuno tunapiga pipa tupu la mchuzi wa soya. Vijana wetu walioko mijini wanajua hilo, na ndiyo maana hawarudi hata kwa sherehe.

Nimesikia wamempeleka Yamabiko Kanazawa akawambwe upya, kwenye karakana hiyo hiyo unamofanya kazi. Mzee Hirose wa hekalu akashuka kuzungumza na Gonroku. Wazee wa kwetu wanasema hivi, wazee wa kwao wanasema vile, basi wamekubaliana: kitakachosomwa ndani ya mzinga wa ngoma ndicho kitakachoamua. Gonroku alikubali huku anacheka, kwa sababu shahidi wa Tochikubo ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika humo ndani. Nimesema hivyo miaka thelathini, na miaka thelathini wamenicheka.

Chungulia, mwanangu, halafu uniambie.

Mjomba wako,
Horita Jinpachi


Kanazawa, 23 Aprili 1978

Shikamoo mjomba,

Barua yako imefika pamoja na figili. Gazeti zilimofungiwa limelowa mchuzi wote, na sasa chumba changu kinanuka nyumbani. Mpe bibi pole ya magoti. Mwambie mama kikohozi kimeisha, na picha nimeiona.

Hapa kazi ni nyingi. Tangu nitoke kiwanda cha nguo nikaingia karakana hii ni mwaka wa tatu, na bado siku nyingi naloweka ngozi na kukuna manyoya. Lakini Mzee Murai, fundi mkuu, ameanza kunifundisha majina. Yeye anasema asiyejua jina la ngoma asiiguse. Yenye tumbo la mti mmoja uliokombwa ni nagado. Iliyoungwa kwa mbao kama pipa ni okedo. Ile ndogo inayobanwa kwa kamba mpaka inalia kama punje kwenye kikaango ni shime. Na ile nyembamba kiunoni, ya kuwekwa begani, ni tsuzumi. Nikikosea ananiacha nirudie kuita mpaka nipatie, na ngoma nyingine huku zinanitazama.

Ngoma yetu imefika. Waliileta Jumanne kwa lori, imefungwa mablanketi. Nilikuwa mlangoni na ndoo, nikaijua kabla hawajaifungua yote, kwa lile kovu la mti ubavuni ambalo nilipokuwa mdogo nilidhani ni kitovu chake. Mzee Murai alishaambiwa habari za vijiji viwili, akatutangazia wote: karakana inatibu ngoma, haimuulizi mgonjwa wazazi wake ni nani. Atakayeegemea upande atafute kazi kwingine. Anajua natoka Tochikubo. Alinitazama mimi alipokuwa akisema.

Kuichungulia haiwezekani, mjomba. Ngozi imepasuka kidole kimoja tu. Itafunguliwa Juni, zikishatoka ngoma zilizotangulia. Kwa hiyo naomba uniambie uliandika nini hasa, neno kwa neno, na upande gani wa mzinga.

Mpwa wako,
Nobue


Tochikubo, 5 Mei 1978

Mpwa wangu,

Tumepanda mpunga. Mashamba yetu ndiyo yaliyonyooka kuliko yote bondeni na mlimani, watu wanasimamisha baiskeli kuyatazama. Bibi yako ameanguka kidogo penye ngazi akainuka mwenyewe kabla sijamfikia, na kunigombeza kwa kuchelewa. Mama yako anasema kuiona picha si jibu.

Umenitajia ngoma nne. Hao mafundi wa mjini wanaficha mambo. Mimi mwenyewe nimepiga saba, na ya saba haina jina kwa sababu kila aliyeisikia alisahau kwanza jina lake mwenyewe.

Unauliza niliandika nini. Sikiliza. Mwaka 1947 dhoruba iliangusha mti mkubwa wa keyaki nyuma ya hekalu. Ulipoanguka, polisi wa bondeni alivaa kofia akidhani vita vimerudi. Mzee Seiroku, fundi wa kuchonga, akaja akakaa kwetu karibu mwaka mzima akiukomba, nami nikawa mkono wake wa kulia, nikimbebea vipande. Ulipokwisha, kabla ya kuwamba, ikabidi mtu aingie aandike neno ngoma, jina la kijiji na mwaka, kama ilivyo desturi. Mzee Seiroku mgongo ulikuwa haukunjiki tena. Akauliza nani kati yetu ana mwandiko mzuri. Wanaume kumi na wanane walinigeukia kwa pamoja. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mwembamba kama ufito, usitazame tumbo la leo. Nikaingia na burashi na kibakuli cha wino, ngoma ikanimeza mpaka visigino.

Niliandika: Ngoma ya Tochikubo. Vuli, mwaka wa ishirini na tatu wa Showa. Horita Jinpachi. Huo ndio mwaka 1948. Kila alama kubwa kama bakuli la wali. Nilipotoka nilikuwa mweusi usoni, Mzee Seiroku akachungulia kwa taa, akanyamaza muda mrefu. Alikuwa mtu wa kunyamaza kitu kikimgusa moyo.

Upande gani? Ukifungua utauona. Mwandiko kama ule hautafutwi.

Mjomba wako,
Jinpachi


Kanazawa, 19 Juni 1978

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara tatu. Mvua hazikatiki, ngozi hazikauki, tunaziwashia makaa ili zisioze. Nimefurahi bibi anagombeza, ndiyo dalili ya afya. Mwambie mama nitamjibu.

Tumeifungua ngoma. Tuling'oa misumari mmoja mmoja, mistari miwili kuizunguka, na ngozi ya zamani ikatoka kama kifuniko cha sufuria. Mzee Murai aliingiza taa kwanza yeye. Halafu akaniita.

Kuna maandishi, mjomba. Lakini ghala la Shimosawa linavuja, na inaonekana maji yamekuwa yakiingia kwenye tundu la pete ya kubebea kwa miaka. Sehemu ya chini yote imeoshwa. Jina la kijiji halipo. Jina la mwandishi halipo. Umebaki mwaka, na kando yake alama mbili za neno ngoma. Gonroku ameshaambiwa. Anasema mwaka huo huo fundi Seiroku aliwachongea wao, kwa hiyo mwaka peke yake hausemi chochote.

Tarehe 9 Julai anakuja yeye na Mzee Hirose, kila mmoja aone kwa macho yake. Baada ya hapo Mzee Murai, kwa ombi la pande zote mbili, atataja ngoma hii irudi kwa nani. Ikiwa hakuna ushahidi, itarudi kwa aliyeileta.

Nina maombi mawili. La kwanza, njoo siku hiyo. La pili ni hili. Barua zako zote tangu nilipoondoka nyumbani nimezitunza, ziko kwenye mkebe wa biskuti, arobaini na tatu. Naomba ruhusa ya kuzionyesha kwa watu. Usiniulize kwa nini. Nikisema sasa, na ukaniandikia tena kabla ya siku hiyo, tunaweza kuharibu.

Mpwa wako,
Nobue


Tochikubo, 1 Julai 1978

Mpwa wangu,

Zionyeshe. Hilo nalo la kuombea ruhusa? Nilijua siku moja barua zangu zingetakiwa na watu. Waonyeshe Kanazawa yote, wasomee kwa sauti, hasa ile ya nguruwe mwitu na kengele ya shule. Ila ruka ile ya mwaka juzi ambapo nilimsema vibaya mwalimu mkuu.

Sisi tunaendelea vizuri. Mboga za majira ya joto zimetuzidi, tunawalisha majirani kwa nguvu. Nyumba ya ngoma tumeijenga upya pale hekaluni. Kila kaya ilitoa mtu na nguzo, hata mjane wa kinu alikuja na nyundo ya marehemu. Paa limekamilika juzi. Ni nyumba nzuri na iko tupu, mlango tumeuacha wazi ili mbao zikauke. Mtu akipita anachungulia ndani, kisha ananitazama mimi.

Mzee Hirose alinipata shambani akaniuliza taratibu, Jinpachi, kweli uliandika? Nikacheka. Nilicheka sana. Hata yeye alishangaa jinsi nilivyocheka.

Kuhusu tarehe tisa, ningependa kuja ila mguu wa kushoto unanisumbua. Tena viwavi wa hariri wa mama yako wanakaribia kujifunga na bila mimi hawatulii. Tena basi la asubuhi siku hizi halitegemeki. Utanieleza.

Mama yako anauliza habari za karani wa posta. Naandika kwa sababu amesimama nyuma yangu.

Mjomba wako,
Jinpachi


Kanazawa, 10 Julai 1978

Shikamoo mjomba,

Hamjambo wote? Mguu umepona? Mama amenipigia simu kutoka ofisi ya kijiji jana jioni, akasema ulipanda mlimani tangu alfajiri na hukula kitu. Basi safari hii naanza na jambo lenyewe, salamu zitakuja nyuma.

Imerudi kwetu.

Nasema tena, ili usome vizuri. Mzee Murai ametamka kwamba ngoma ni ya Tochikubo.

Sasa nikueleze, na kuna sehemu itakuuma, naomba univumilie. Waliketi kwenye mkeka mbele ya mzinga: Mzee Murai katikati, Mzee Hirose na kofia yake mapajani, Gonroku na tai yake ya harusi pamoja na watu wawili wa kwao. Mimi kazi yangu ilikuwa chai. Mzee Murai akampa Gonroku taa, achungulie kwanza kama mgeni. Akakaa na kichwa ndani muda kidogo, halafu tukasikia sauti yake kutoka kwenye mzinga, nene kama ya ng'ombe.

"Mbwa," akasema. "Hapa pameandikwa mbwa."

Mjomba, neno ngoma lina alama mbili. Ile ya kwanza ni alama ya neno "kubwa", iliyotiwa nukta chini, katikati ya miguu. Nukta hiyo ukiipandisha juu, ukaiweka begani upande wa kulia, alama inasomeka mbwa. Uliiweka begani. Ndani ya ngoma yetu, kwa alama kubwa kama bakuli la wali, pameandikwa ngoma-mbwa.

Wenzake Gonroku wakachungulia mmoja mmoja, wakatoka wanajiuma midomo. Gonroku akasema basi tuite mbwa aje achukue mali yake. Akasema hii ni mizaha ya kibarua fulani, hakuna kijiji chenye heshima kinachoweza kuidai. Mzee Hirose alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilimwona anaanza kuvaa kofia.

Nikaweka birika chini, nikaenda stoo, nikarudi na mkebe wa biskuti. Mfuniko ukagoma kufunguka, akanifungulia Gonroku mwenyewe akidhani naleta vitafunio.

Mzee Murai aliuliza barua hizo ni za nani na nani ameniruhusu. Nikajibu kwamba mwenyewe ameniruhusu, na kwamba siegemei upande, naomba tu zitazamwe. Nilijua anaweza kunifukuza papo hapo. Alivaa miwani. Akachukua ya kwanza, ya mwaka 1967, ile uliyoniandikia kwenye bweni la kiwanda nilipokuwa nalia kila siku, ukanieleza jinsi ulivyopiga ngoma mpaka maporomoko yakasimama kusikiliza. Akatafuta kwa kidole. Akapata neno. Akaiweka chini, akachukua nyingine. Alizisoma zote arobaini na tatu, chai ikapoa. Neno ngoma umeliandika mara sitini na moja, mjomba. Mara zote sitini na moja nukta iko begani, na mara zote ina kimkia kidogo kinachopinda, sawasawa na ile ya ndani ya mzinga.

Gonroku akasema kukosea nukta ni jambo la kawaida, mtu yeyote anaweza.

"Mara moja, ndiyo," Mzee Murai akamjibu. "Huyu hajawahi kupatia."

Kisha akamwonyesha mihuri ya posta, miaka kumi na moja, hakuna wa kusema zilitengenezwa jana. Gonroku alizishika barua mbili tatu, akazitazama, akairudia ile ya nguruwe mwitu akaisoma mpaka mwisho. Akacheka kidogo, si kwa dharau. Akakunja barua vizuri kama ilivyokuwa.

"Kwa hiyo miaka yote hii Jinpachi alikuwa anasema kweli," akasema. "Sasa hilo nitawaelezaje watu kwangu?"

Akamwinamia Mzee Hirose mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema Shimosawa wataipandisha ngoma mlimani kwa mabega yao wenyewe, na ghala lao watalitengeneza paa. Mzee Hirose naye akainama, wakabaki hivyo wawili, kila mmoja akimsubiri mwenzake ainuke kwanza, mpaka nikaleta chai mpya.

Walipoondoka nilijua zamu yangu imefika. Mzee Murai aliniambia nikae. Badala ya kunifukuza akaniwekea burashi mbele yangu. Desturi unaijua: anayewamba upya naye huacha jina ndani. Mpaka leo hakuna aliyeandika humu karakanani ila yeye na baba yake. Nikaingia. Chini ya alama zako, pale palipooshwa, nimeandika Ngoma ya Tochikubo, nikaandika Horita Jinpachi, nikaandika mwaka huu na jina langu. Nilimuuliza kama nirekebishe nukta. Akasema nikiigusa ataninyang'anya burashi.

Unaweza kujiuliza kwa nini sikukuambia mapema. Nimelijua kosa hilo tangu nina miaka kumi na mitano. Wasichana wenzangu bwenini walikuwa wananiuliza mbwa wa mjomba hajambo. Niliogopa ukiambiwa ungeona haya ukaacha kuandika, na mimi barua zile ndizo zilizonifanya nisitoroke kiwandani. Nisamehe.

Ngozi mpya zimeshachaguliwa, fahali wawili wa kaskazini. Mwezi ujao tutaziwamba, na mimi ndiye nitakayepanda juu kuzikanyaga zivutike, kwa kuwa kisigino changu ni chepesi. Sitaweza kuja sherehe, msimu huo hatulali hapa. Usisahau kuniandikia.

Msalimie bibi. Mwambie mama karani wa posta simtaki, niliona aibu kusema.

Mpwa wako,
Nobue


Tochikubo, 3 Oktoba 1978

Kwa mpwa wangu Nobue, fundi wa ngoma,

Umengoja sana jibu, najua. Nilikuwa na shughuli. Bibi yako hajambo, jana alicheza, magoti na yote. Mama yako amesoma habari ya karani, akanuna siku mbili, ya tatu akaanza kuwaambia watu kwamba binti yake ana jina ndani ya ngoma na hana muda wa kuolewa na mihuri.

Sasa jana. Ungeona, mwanangu. Watu wa Shimosawa walimpandisha Yamabiko kwa mabega, wanaume ishirini na wanne, Gonroku mbele na taulo kichwani, jasho linamtiririka. Barabara yote kutoka darajani watu wamesimama. Kuna waliotoka Osaka. Mtoto wa mjane wa kinu, ambaye hatujamwona miaka tisa, alishuka basini na mke na mapacha. Tulipomwingiza Yamabiko kwenye nyumba yake, alipita mlangoni kwa upana wa kidole kila upande, na Mzee Hirose alisoma dua akakwama katikati kwa machozi, akaanza upya.

Ilipofika kupiga, kila mtu alinigeukia. Safari hii wamenigeukia kweli, muulize mama yako. Pigo la kwanza la ngoma nililishusha kwa mikono miwili, na ule mlima wa ng'ambo ukajibu, kisha wa nyuma yake, kisha wa nyuma yake tena. Miaka kumi na mitano tumepiga pipa, nilikuwa nimesahau kwamba sauti inaweza kuingia kupitia miguu. Gonroku alichukua mikwiro ya upande wa pili na tukapiga pamoja mpaka mwezi ukatoka. Anapiga kama mtu anayetwanga, lakini ana moyo.

Jina Yamabiko limekwisha, nikuambie ukweli. Habari ya nukta ilifika kabla ya ngoma, na watoto wote wanamwita Mbwa. Kila pigo la mwisho wa mzunguko wanabweka, Shimosawa na Tochikubo kwa pamoja, na kufikia jioni hata wazee walikuwa wanabweka. Mzee Hirose ameliandika kwenye kitabu cha hekalu: Ngoma Mbwa ya Tochikubo. Mwakani Shimosawa watakuja tena, sisi tutashuka kwao majira ya kiangazi, na Mbwa atakwenda na kurudi, safari hii kwa karatasi.

Kuhusu nukta yenyewe, nimewaeleza watu jinsi ilivyokuwa. Nimewaambia kwamba mwaka ule 1948, nikiwa ndani ya mzinga, niliona mbele miaka thelathini, nikajua theluji itaangusha nyumba, nikajua ghala la jirani litavuja, ndipo nikaweka alama ambayo hakuna mtu mwingine duniani angeiweka. Nimewaambia pia habari za mbwa mweupe aliyetuonyesha mahali keyaki ulipoangukia. Wanaume walisikiliza midomo wazi. Gonroku aliuliza mbwa alikuwa na mkia wa namna gani, nikamwambia umepinda kidogo.

Wewe nitakueleza vingine, na barua hii usiiweke kwenye mkebe.

Mzee Seiroku alipouliza nani ana mwandiko mzuri, hakuna aliyenigeukia. Nilisema mimi kabla mwingine hajasema. Shule niliijua miaka minne, na siku nyingi za hiyo minne nilikuwa kwenye mkaa na baba. Humo ndani kulikuwa na giza na harufu ya mti mbichi, burashi imeshalowa wino, nikajua kwamba nukta ipo, nisijue inakaa wapi. Kutoka nje kuuliza niliona haya. Nikaiweka begani kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Na Mzee Seiroku alipochungulia akanyamaza, nilielewa vizuri sana kwamba kuna kitu, nikatafuta maelezo mazuri ya kule kunyamaza, nikakaa nayo mpaka Julai hii. Tarehe tisa mlimani sikuwa na mguu mbovu. Nilikuwa nimesimulia mara nyingi hata nikawa sina hakika tena kama niliingia kweli.

Tangu barua yako nimejifunza. Chini, katikati ya miguu. Nimejaza daftari mbili. Katika barua hii nimeliandika neno ngoma mara kadhaa, na kila mara nimeweka barua yako kando nikachungulia kwanza. Mara moja tu sikuchungulia, pale kwenye pigo la kwanza, nilikuwa nimeshajiamini. Nimerudi kusoma sasa hivi. Iko begani.

Mjomba wako,
Jinpachi